Shajara ya riwaya ya mapenzi: maadui, chumba kimoja na uchumba wa uongo

Januari 10: Mpango

Riwaya ni ya sehemu 36. Itatoka WhatsApp kila Jumanne na Ijumaa, ikimalizika itapigwa chapa. Nimeamua mapema kwamba sihangaiki na kisa ambacho hakijawahi kusimuliwa. Nachukua motifu tatu ambazo msomaji wa mapenzi anazijua hata kabla hajafungua ukurasa: maadui wanaoishia kupendana, watu wawili waliokwama usiku mmoja mahali pamoja, na ndoa ya mkataba inayogeuka ya kweli. Msomaji wa hadithi hizi hasomi ili ajue kama watapendana. Hilo analijua toka sehemu ya kwanza. Anasoma aone watafikaje huko.

Wahusika ni wawili. Zuhura ni Mzaramo wa Mkuranga, karani wa chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, kinachopokea korosho. Maganga ni Mnyamwezi ambaye babu yake alikuja pwani kutafuta kazi, akaoa, akabaki. Yeye ni fundi wa injini za boti. Wote ni Waislamu. Nimeshaulizwa kwa nini nisiweke tofauti ya dini. Hiyo ni riwaya nyingine nzima. Ukiichomeka hapa itameza kila kitu.

Kabla ya kutoa sehemu yoyote, rasimu inapita kwa kikundi kidogo cha wasomaji wa majaribio. Nawalipa kwa bando. Bajeti ya bando: shilingi 30,000 kwa kazi yote. Shajara hii itaruka mambo ya kila siku na kukaa pale rasimu ilipogoma.

Februari 4: Maadui

Kwa motifu hii nilikuwa na mtaji wa bure: utani. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani toka enzi za misafara ya karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu. Mtani ana ruhusa ya kukusema mbele za watu, kukunyang'anya kofia, kukudai hela ambayo hujakopa, na ukinuna ni wewe uliyekosa adabu. Nani anahitaji ofisi ya ghorofani na bosi mkali, kama zile tunazoletewa na tamthilia za nje, wakati tuna taasisi kamili ya kugombana?

Sehemu za mwanzo zikajaa maneno ya utani. Maganga anamwambia Zuhura kwamba Mzaramo akishika hela anaulizia ngoma inachezwa wapi. Zuhura anamjibu kwamba Mnyamwezi hata akipanda basi mzigo anauweka kichwani. Wasomaji wa majaribio walicheka sana, na hakuna aliyeuliza kitakachofuata. Mmoja akaandika: "Hawa wameshazoeana, oa tu tumalize."

Alikuwa amepiga penyewe. Utani ni dalili ya amani. Watu wawili wanaoruhusiwa kutukanana tayari wana undugu wa aina yake, kwa hiyo hakuna safari ya kwenda. Motifu ya maadui inataka mmoja awe amempotezea mwenzake kitu, na kitu hicho kiwe na thamani inayohesabika.

Ndipo likaja gunia. Korosho ghafi hupangwa madaraja, la kwanza na la pili, na iliyolowa hushuka. Mama yake Maganga anafika ghalani Novemba na magunia ya msimu mzima. Anakuta foleni, ghala limechelewa kufunguliwa, mvua inanyesha. Zamu yake inapofika, Zuhura anatumbukiza mkono, anatoa korosho chache, anazitikisa kiganjani. Kavu hulia kama kokoto. Hizi zimenyamaza. Anaandika daraja la pili. Hela inayopungua hapo ndiyo iliyokuwa inunue sare na godoro la bweni la mdogo wake Maganga, anayeanza kidato cha kwanza Januari.

Nilichopenda katika tukio hili ni kwamba kila mmoja ana haki. Korosho kweli zilikuwa na unyevu, Zuhura asingeweza kuandika uongo. Na kweli zililowa pale pale, kwenye foleni ya ghala lake. Hakuna mbaya wa kumfukuza kijijini, na ugomvi hauwezi kuisha kwa mtu kusema "kumbe nilikuelewa vibaya". Nimesoma hadithi nyingi za maadui zinazokufa kwa sentensi hiyo. Kama simu moja ya dakika mbili inaweza kumaliza ugomvi, huo si ugomvi wa kubeba sehemu 36.

Utani haukutupwa. Sasa unafanya kazi ya pazia: Maganga anamshambulia Zuhura kwa maneno ya mtani, watu wanacheka, na wawili hao peke yao wanajua kwamba safari hii hataniwi mtu.

Machi 2: Chumba kimoja

Hapa ndipo muda mwingi ulipopotelea.

Rasimu ya kwanza: wanasafiri kwenda Tabora kwa basi moja, basi linaharibika usiku, gesti ya karibu imebakiwa na chumba kimoja, kitanda kimoja. Majibu yakarudi haraka. Zamani, mabasi ya mikoani yalipokuwa hayaruhusiwi kutembea usiku, kulala njiani kulikuwa jambo la kawaida. Tangu ruhusa ya safari za usiku irudi mwaka 2023, msomaji anajua kwamba basi jingine litapita, kondakta ataomba nafasi, watu watasimama mpaka mji unaofuata. Mwingine akasema yeye basi likimharibikia analala humo humo kwenye siti, gesti ya nini na begi liko kwenye buti? Simu nayo inaua nusu ya motifu hii. Mtu mwenye simu na salio hajakwama, amechelewa tu.

Nikahamia baharini, maana bahari haisikilizi simu. Zuhura anakwenda kisiwa cha Mafia kwa shangazi yake, Maganga anakwenda Kilindoni, bandari ya kisiwa hicho hicho, kutengeneza injini. Njia yao ni Nyamisati, bandari ndogo ya Kibiti kwenye delta ya Rufiji, ambako chombo hungoja maji yajae. Nikaweka tukio msimu wa kusi. Upepo umechafua bahari, chombo hakitoki, na hakuna wa kumpigia simu akabadilisha hilo. Nilisafiri kwenda kupaona: nauli, chakula na malazi shilingi 62,000. Nilirudi na vitu ambavyo nisingevibuni nyumbani, kama mbu wa mikokoni wanaoanza kazi kabla ya magharibi, na abiria wanaotandika khanga gatini kama wana uhakika wa kukesha.

Gesti ikabaki vile vile, chumba kimoja, kitanda kimoja. Niliweka hata kitabu cha wageni, kile chenye safu za jina, kabila, unakotoka na unakokwenda, na mhudumu anayewatazama wawili hawa wakijaza mstari mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa na hakika nimemaliza.

Kisha msomaji mmoja mwenye asili ya Mafia akanitumia ujumbe wa sauti, mrefu, anacheka na kusikitika kwa pamoja. Hakuna bandari ya pwani, alisema, ambapo binti wa watu amekwama na kusi halafu aachiwe alale chumba kimoja na mwanamume asiye wake. Mama yeyote mwenye nyumba karibu na gati angemchukua akalale ndani na mabinti zake, na angeuliza ukoo wake mpaka ampate ndugu. Mwanamume angepewa mkeka nje.

Siku hiyo nilitaka kuifuta motifu nzima. Nilipoisoma tena nikaona kwamba kitanda hakikuwa muhimu hata kidogo. Chumba kimoja kinapendwa kwa sababu kinawalazimisha wawili kusikilizana usiku kucha bila pa kukimbilia. Kwa hiyo nikamfuata yule msomaji neno kwa neno: Zuhura yuko ndani na mabinti wa nyumba, kitanda chake kiko chini ya dirisha. Maganga yuko nje kwenye mkeka, kichwa upande wa ukuta uleule. Mama mwenye nyumba yuko macho, na kila baada ya muda anakohoa makusudi.

"Mzaramo, umelala?"

"Nimelala."

"Aliyelala anajibu?"

"Namjibu mtani. Mwenye magunia simjui."

Kimya. Mbu. Kikohozi cha mama.

"Mama yangu alikuwa wa ngapi kwenye foleni siku ile?"

"Wa kumi na tisa."

"Unakumbuka?"

"Kitabu ninacho mimi. Nilimwona amevua khanga ya juu akafunika gunia. Yeye mwenyewe akalowa."

Hapo nikakata na kuandika ITAENDELEA. Sehemu hiyo ndiyo iliyoletewa maoni mengi kuliko zote mpaka leo, na hawajagusana hata kidole. Anayetaka kunakili jambo moja tu kutoka shajara hii anakili hili: kabla hujawafungia wahusika wako chumbani, uliza ni nani katika eneo hilo angekataa wafungiwe, kisha muingize mtu huyo kwenye hadithi. Mama mwenye nyumba hakuwemo kwenye mpango. Sasa ana sehemu nne.

Aprili 6: Kutoka ndoa ya mkataba hadi uchumba wa uongo

Mpango wa awali ulisema ndoa ya mkataba: wawili wanafunga ndoa ya miezi sita kwa sababu ya urithi wa shamba, wanaishi nyumba moja, kisha wanaachana kwa amani, ila tayari wameshapendana. Nimeikuta kwenye hadithi nyingi za mtandaoni, huku kwetu ikiwa imebadilishwa majina tu.

Nilimpa rasimu rafiki anayefanya kazi za sheria. Gharama: chakula cha mchana kwa wawili, 18,000. Alichora mistari kila ukurasa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, inaitambua ndoa kama muungano wa hiari unaokusudiwa kudumu maisha yote ya wanandoa. Ndoa iliyotamkwa kwamba ni ya muda ni batili. Talaka nayo haiombwi kirahisi: kabla ya miaka miwili ya ndoa inabidi kwanza mahakama itoe kibali, na kwa kawaida shauri lipitie baraza la usuluhishi wa ndoa. Halafu akanionyesha upande wa pili wa shilingi. Mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na jamii ikawachukulia kama mke na mume, sheria inawadhania kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa maneno yake, "Huku kwetu ukiigiza sana, serikali inakuamini."

Sentensi hiyo ilistahili chakula cha watu wanne. Ndoa ya mkataba nimeitupa. Uchumba wa uongo umechukua nafasi yake, na umeota wenyewe kutoka Nyamisati: yule mama mwenye nyumba anamjua shangazi wa Mafia, anampigia simu kumsifia "mchumba wa mwanao, ana heshima, kalala nje bila kunung'unika". Mpaka wawili wanashuka Kilindoni, shangazi ameshamwambia kaka yake Mkuranga. Babu yake Zuhura, aliye kitandani, amecheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Babu mgonjwa ni motifu kongwe kuliko zote, najua, nimeitumia bila haya. Wanakubaliana waache uongo ukae kidogo.

Kazi ikawa kuonyesha kwamba uongo huo haukai kidogo. Tamthilia za nje zina kazi ngumu hapa, inabidi zibuni mikutano na waandishi wa habari na bibi tajiri. Sisi tuna ngazi zilizopangwa tayari. Mshenga anatumwa. Barua ya posa inafika imefungwa kwenye kitambaa na hela yake ndani. Wazee wanajibu na kutaja mahari. Kila ngazi ina watu wapya ambao hawajui kwamba ni mchezo, na kila mmoja ametoa kitu. Baada ya hapo inaundwa kamati, na kamati inafungua kundi la michango.

Tukio lililogeuza hadithi ni fupi. Zuhura yuko ghalani, anafungua simu. Mweka hazina wa kamati amebandika orodha mpya: jina, ahadi, alicholipa. Anashuka nayo taratibu mpaka namba 27: *Mama Maganga, ahadi 50,000, amelipa 50,000.* Yule yule aliyemwandikia daraja la pili. Anajua kwa senti mama huyo alipata nini msimu uliopita, maana stakabadhi aliiandika yeye. Hawezi kuendelea kusema uongo, na hawezi kuuvunja bila kumwaibisha mtu aliyetoa hela ya mwisho.

Rafiki yangu wa sheria alikumbusha pia kwamba aliyevunjiwa ahadi ya ndoa anaweza kudai fidia mahakamani. Nimempa hoja hiyo mjomba mmoja mkorofi. Anaitaja kila kikao.

Aprili 29: Msiba

Babu amefariki sehemu ya 24. Nilikuwa na mazungumzo marefu ya majonzi hapa, nikayaondoa yote na kuwarudisha watani. Maganga anafika msibani kama mtani, na mtani msibani ana kazi yake: anavuruga. Anajilaza palipowekwa sepetu, anasema mzee hazikwi mpaka deni lake lilipwe, anataka alipwe jogoo. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Zuhura peke yake anaona kwamba baada ya kupewa noti ya elfu mbili na kukubali kuinuka, Maganga amekwenda nyuma ya mnazi na kukaa huko, mgongo ukitetemeka.

Rasimu moja tu. Haikusumbua.

Mei 18: Vilivyotupwa

Kijana tajiri anayemtaka Zuhura: nilimleta na gari lake jeupe, akakaa sehemu tatu, nikamtoa. Hakuwa na kazi yoyote ila kufanya Maganga aone wivu, na Maganga tayari ana magunia ya kufikiria. Rafiki wa utotoni anayerudi kutoka Oman naye ametoka kwa sababu hiyo hiyo. Motifu tatu zimejaza gari. Ya nne inaning'inia mlangoni.

Pia kuna mtu amenakili sehemu za bure, amebadilisha majina ya wahusika na kuzisambaza kama zake. Amesahau kubadilisha utani, kwa hiyo ana mhusika Mchaga anayechekwa kwa kubeba pembe za ndovu. Nimeweka jina langu katikati ya aya badala ya mwishoni, inapunguza kidogo.

Juni 22: Mwisho

Chama cha waandishi wa mapenzi cha Marekani kina kipimo chake cha riwaya ya mapenzi: mapenzi yawe kiini, na mwisho uridhishe moyo na uwe na matumaini. Wasomaji wangu wengi hawakulelewa hivyo. Wamekulia kwenye hadithi za magazetini ambapo aliyependa sana hufa kwa ajali ama ugonjwa, au anagundua wamechangia baba. Nilipotangaza zimebaki sehemu sita, ujumbe ukamiminika: "Maganga usimuue." Mmoja alitishia kudai arudishiwe hela yake.

Simuui. Ila mwisho mwema ulikuwa na tatizo ambalo harusi peke yake haikulitatua. Nilipoandika harusi kwenye sehemu ya 35, wasomaji wa majaribio walisema nzuri, wakanyamaza. Ugomvi ulikuwa wa magunia, na nilikuwa nimewapa pilau. Nikarudi nyuma. Sasa Zuhura anamwendea mama Maganga peke yake na kumwambia ukweli wote, wa uchumba na wa siku ile ya mvua. Mama hamsamehi pale pale. Anauliza kitu kimoja: msimu huu ghala litafunguliwa saa ngapi? Sehemu inayofuata ni Novemba, alfajiri, ghala liko wazi kabla foleni haijaundwa, na Maganga yuko juu ya ngazi anafunga turubai kwenye uwanja wa kusubiria. Posa ya kweli inapelekwa baada ya hapo, na kitambaa ni khanga ile iliyofunika gunia.

Harusi imepata aya mbili. Hakuna aliyelalamika.

Julai 13: Hela na jalada

Sehemu 12 za mwanzo zilitoka bure, zilizobaki zililipiwa 1,000 kwa mtu mara moja. Waliolipa ni 214, kwa hiyo 214,000. Matumizi: bando 30,000, safari 62,000, chakula na mwanasheria 18,000, mhariri 250,000, jalada 80,000. Jumla 440,000. Bado niko chini kwa 226,000 kabla ya uchapaji. Ningepunguza pengine popote, lakini mhariri na safari ya Nyamisati nisingevigusa.

Kuhusu jalada, mchoraji alileta sura mbili. Moja niliyoiomba: gunia la korosho lililofunikwa khanga, mvua inanyesha. Nyingine aliyoibuni mwenyewe: vijana wawili wameshikana mikono ufukweni, jua linazama, hata wahusika wangu hawajawahi kusimama hivyo. Nilizipeleka kwa waliolipa wachague. Ufukwe umeshinda kwa mbali. Nimemlipa mchoraji, na gunia limewekwa jalada la nyuma, juu kidogo ya bei.